Niliondoka na Hema, Nikarudi na Kondoo

Wapendwa wa jumuiya yetu, mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, na wengine mmecheka kabla sijajibu: ilikuwaje Mwinjilisti mstaafu, mzee wa magoti mabovu, akaondoka Nkoaranga na hema mgongoni, kisha akashuka kwenye pikapu Jumatatu na kondoo mkononi? Nimewajibu kwa vipande vipande mlangoni pa kanisa, na kila aliyepata kipande amekijazia cha kwake. Juzi nimesikia kwamba kondoo huyo nilimkuta msituni. Basi nimekaa leo, goti limetulia, namshukuru Mungu, niandike yote kwa mpangilio wake.

Wazee mnamkumbuka Loishiye. Kwa vijana, huyu ni Mwarusha wa upande wa magharibi wa mlima, mwinjilisti mwenzangu tangu tulipokuwa na nywele nyeusi. Yeye alianzia kwao, mimi nilianzia kwetu, na njia yetu ilipita kiunoni mwa Meru, juu ya mji, kutoka mlango wangu hadi mlango wake. Tuliitembea miaka mingi kwenda kufundisha, kuzika na kuombea wagonjwa. Sasa macho yake yamezimika kabisa. Mwanawe anayefanya kazi Dodoma aliamua kumchukua akaishi naye, na siku ya kuondoka ikapangwa kuwa Jumapili, baada ya ibada.

Wiki hiyo Loishiye alinipigia simu. Nikamwambia nitakuja Jumamosi kwa gari, tuagane.

"Usije na gari," akasema. "Pita njia yetu, kwa miguu. Uniambie ikoje. Mimi nikifika Dodoma nitakuwa naitembea kichwani, na sitaki kutembea njia ya uongo."

Nililitazama goti langu. Kisha nikasema nitakuja.

Kaloleni: kutafuta nyumba ya kubeba

Mtauliza hema la nini, wakati kila nyumba ya njia ile inanijua. Hiyo ndiyo sababu yenyewe. Mzee wa kanisa akilala kwa watu, hawezi kuondoka alfajiri kama mwizi. Lazima uji unywewe, watoto waombewe, jirani aitwe, na mwenye nyumba akumbuke kuku. Siku zetu za kazi hatukuwahi kupita nyumba mbili kwa siku, wala hatukuona ubaya, maana nyumba ndiyo ilikuwa kazi. Safari hii nilikuwa na Jumapili mbele yangu. Nilihitaji kulala mahali ambapo sitakuwa mgeni wa mtu.

Mwanangu Elirehema ni mpishi wa safari za mlimani. Wageni walikuwa hawajaanza kuja, mvua za masika zilikuwa zinamalizikia, kwa hiyo alikuwa nyumbani. Aliposikia mpango wangu hakubishana. Alisema tu, "Baba, nakwenda na wewe, na mzigo napanga mimi."

Nilikuwa nimeshaufunga tayari, na nikajisifu. Aliuchukua, akautundika kwenye ile mizani yetu ya kupimia kahawa, akatazama, akaushusha, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja na kukiweka mkekani.

"Hapa kuna suti."

"Ya Jumapili. Nitaingia kanisani na koti la mvua?"

"Mungu hajawahi kukuona na koti la mvua?"

Suti ikabaki mkekani. Likafuata blanketi langu zito, lile la mistari, kisha viatu vya pili, mwavuli, panga, sufuria yenye mfuniko, na chupa ya chai ambayo mama yenu aliipenda. Kwenye chupa nilitetea kidogo. Elirehema akasema maji ya moto tutachemsha kwenye jiko dogo la gesi linaloenea kiganjani, na majani ya chai hayana uzito. Akafika kwenye Kitabu changu cha Neno, kile cha herufi kubwa, akakipima kwa mikono miwili.

"Kipo kwenye simu, baba."

"Simu ikizima, na Neno linazima?"

Alifikiri, akaingia ndani, akarudi na kile kidogo cha mfukoni ambacho ni cha kwake tangu kipaimara. Kilikuwa chepesi kama kitambaa cha mkononi. Herufi zake ni kama sisimizi, hata kwa miwani sioni kitu, lakini sikutaka kushindwa mara mbili, nikakipokea.

Siku iliyofuata tulikwenda Kaloleni, mjini, kwa Mchaga mmoja, Mangi kama tunavyowaita, mwenye duka jembamba nyuma ya uwanja wa mpira. Anauza vitu ambavyo watalii huwaachia waongozaji na wapagazi wao: makoti, mabuti, mifuko ya kulalia. Alituamkia vizuri, akatoa kifurushi cha kijani chenye ukubwa wa mkate.

"Hema la watu wawili, baba. Mtalii kalilalia usiku mmoja tu Meru, baridi ikamliza, akaliacha na soksi ndani."

"Nguzo ziko wapi?"

Akanionyesha fimbo nyembamba zilizokunjwa kama mguu wa panzi. Nikasema hizo haziwezi kusimamisha hata chandarua. Mangi akacheka, akalisimamisha palepale kati ya makoti, na mteja mmoja akaingia ndani na kujilaza kuthibitisha. Wakati wa kulikunja akanipa neno ambalo nililibeba njia nzima. "Baba, usibebe kitu kinachoitwa huenda-nikahitaji. Hicho ndicho kinachoua migongo."

Tulipopima tena nyumbani, pamoja na mifuko ya kulalia na magodoro membamba ya sponji tuliyonunua kwake, mzigo wangu ulikuwa mwepesi kiasi kwamba nilijisikia nimesahau kitu. Nililala vizuri. Niliona nimejifunza, katika uzee wangu, kile ambacho wanafunzi wa Bwana waliambiwa mapema: waende bila mkoba.

Nkoaranga hadi mto Nduruma

Tuliondoka Alhamisi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye migomba. Mpango ulikuwa kushika kijia cha juu, kando ya msitu, tukwepe nyumba. Njia ilikuwa na utelezi, lakini mgongo ulikuwa mwepesi, nikatembea nikiimba kimoyomoyo. Kahawa nyingi ya siku zetu imeng'olewa, mahali pake pana nyanya na nyumba za mabati ya rangi. Nilivitazama vitu kwa bidii kuliko kawaida. Nilikuwa natazama kwa niaba ya mtu.

Tulikuwa hatujatoka mbali tuliposikia sauti kutoka migombani.

"Mwinjilisti! Unapita juu ya nyumba yangu kama mwizi wa kuku?"

Alikuwa Bibi Ruthi, mjane, tuliyemfundisha ubatizo mimi na Loishiye. Mgongo umepinda lakini ulimi umenyooka. Nilimweleza safari na hema. Alizunguka nyuma yangu, akakigusa kile kifurushi.

"Hii ndiyo nyumba? Kwani nyumba zimeisha Meru?"

"Zipo, dada. Ninaharakisha."

"Unaharakisha, na mtori uko jikoni."

Basi tukala mtori. Majirani wawili wakaja, tukaomba, mchana ukapita. Tulipoaga, Bibi Ruthi alikuwa amekata mkungu mdogo wa ndizi mshare, akaufunga kwa kamba ya mgomba.

"Huu ni wa Loishiye. Siku ile ya mafuriko alilala hapa akala sufuria nzima, akasema kwao hakuna ndizi kama hizi. Mwambie ni za mgomba uleule, wajukuu wake."

Elirehema alinitazama. Najua alichotaka kusema, kwa sababu nilikuwa nawaza hichohicho. Lakini mtu hakatai mbele ya mama wa umri ule. Niliinama, nikaupokea mkungu kwa mikono miwili, na Elirehema akaufunga juu ya begi lake. Tulipofika mbali akasema, "Baba, nilikutolea suti, ukachukua mgomba."

Jioni ile tulifika Nduruma. Ule mwamba mkubwa wa kuvukia, tulioupa jina la Mimbari, bado upo. Maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye kifua chake, kwa hiyo tulivukia upande wa juu, tukisaidiana. Tukapiga hema kwenye nyasi ng'ambo. Elirehema alichemsha chai kwenye lile jiko dogo la gesi, tukala mkate na parachichi, na giza lilipoanza kuingia nikafungua kile kitabu kidogo. Niliona sisimizi tu.

"Lete, baba," akasema, akasoma yeye.

Huyu mwanangu, kwa kazi yake, Jumapili nyingi yuko mlimani, na nilikuwa nimeshaacha kumuuliza habari za kanisa ili tusikosane. Alisoma zaburi mbili polepole, kwa sauti ya mtu anayekumbuka. Nikamshukuru Mungu kwa ajili ya Kitabu kikubwa kilichobaki nyumbani.

Bangata: wenye vigingi

Ijumaa tulipanda na kushuka mabonde siku nzima. Goti lilianza kusema. Jioni tukakuta shamba lililopumzishwa, nyasi safi, hakuna nyumba karibu, tukapiga hema. Elirehema alichomeka vigingi vyote na kufunga zile kamba za rangi ya machungwa zilizokuja na hema, maana upepo ulikuwa unashuka mlimani.

Asubuhi niliamshwa na sauti za wanaume. Nikatoa kichwa nje. Walikuwa watu saba au wanane, baadhi na fimbo, na mmoja, mwenye shamba, alikuwa ameshika vigingi vyetu mkononi kama mtu aliyekamata nyoka. Upande mmoja wa hema ulikuwa umeshaniangukia kichwani.

"Shikamoo mzee," akasema kwa adabu, lakini hakutabasamu. "Nani kawatuma kupima?"

"Kupima nini, mwanangu?"

"Ardhi. Mmechomeka vigingi, mmevuta kamba. Mwaka jana walikuja wengine hivihivi, wakasema wanapita tu."

"Sisi tunalala tu."

Wakaangaliana. Mmoja akacheka kwa hasira. "Mzee wa umri wako analala shambani, na nyumba zile pale? Hiyo nani ataiamini?"

Nami nikaona kwamba kweli, haiaminiki. Maisha yangu yote ningemwona mzee amelala shambani, ningeuliza kama wanawe wamemfukuza. Nikaeleza kwamba mimi ni mwinjilisti, naenda kwa mwenzangu Loishiye. Mwenye shamba, ambaye walimwita Baba Neema, aliposikia jina hilo alisita.

"Mama yangu alimjua mtu wa jina hilo. Mleteni mama."

Tulikaa kwenye nyasi, sisi na wao, tukisubiri. Elirehema aliwasha jiko lake dogo akawachemshia chai, na lile jiko liliwafanya wasogee karibu kuliko maneno yangu. Kisha akaja mama mzee wa Kiarusha, ameshikwa mkono na mjukuu, akanitazama kwa muda mrefu.

"Walikuwa wawili," akawaambia. "Mmoja alikuwa hajui kuimba, ng'ombe wakikimbia. Ni yupi?"

"Ni Loishiye," nikasema.

Mama akapiga makofi. "Yeyo, mama yangu! Ni yeye huyu! Na nyinyi mmemng'olea nyumba?"

Maskini Baba Neema. Alipigwa maneno mbele ya wenzake mpaka nikamwombea msamaha. Ikabidi twende kwake, tukala loshoro ya mahindi na maziwa mgando, na wale wenye fimbo wakala pamoja nasi. Mmoja aliniomba ushauri wa ndoa. Kabla hatujaondoka nilimwomba mama atuonyeshe kanisa dogo la udongo tulilolijenga pale mimi na Loishiye kwa mikono yetu. Alinipeleka hadi nyuma ya mashine ya kusaga. Ukuta mmoja wa zamani bado upo. Kilichobaki ni banda la kuku. Kanisa jipya la matofali liko barabarani, kubwa, zuri, lakini lile letu lina kuku.

Nilisimama pale nikiwaza nitamwambiaje.

Mama akaniletea kibuyu cha maziwa mgando, kimefungwa vizuri kwa ngozi. "Cha Loishiye. Usikitikise sana."

Ilikuwa Jumamosi, jua limeshapanda, na mbele yetu bado palikuwa na mabonde yote ya juu ya mji na msitu wa kupandwa.

Msitu wa paini: kitu kimoja kibaki

Mvua ilitukuta juu ya Ilboru. Haikuwa kubwa, lakini ilikuwa ya kudumu, ile inayoingia kwenye mishono. Tulijikunyata chini ya hema bila kulisimamisha, tumelivaa kama turubai. Ilipopungua, hema lilikuwa limelowa chapachapa, na mifuko ya kulalia ilikuwa imekunywa maji pembeni. Mji ulionekana chini kupitia mawingu, mabati yaking'aa, kisha ukafunikwa. Tukaingia kwenye miti ya paini.

Huko goti langu lilikataa. Halikuuma sana, lilikataa tu kukunja. Elirehema alinikalisha kwenye kisiki, akauinua mzigo wangu kwa mkono, kisha wake.

"Baba, hema lililolowa ni zito mara mbili. Kuna ndizi, kuna kibuyu, na sasa nitabeba na vyako. Kitu kimoja kibaki. Na mimi nasema ni ndizi. Ngaramtoni ndizi zinauzwa, tutanunua, nitamwambia mwenyewe kwamba ni za Bibi Ruthi."

Alisema kwa upole, na kwa hesabu za kazi yake alikuwa sahihi kabisa. Mwongozaji yeyote angesema hivyohivyo. Nilikaa nikaomba kimya, maana sikutaka kumkemea mtu aliyenibebea mizigo.

"Mwanangu," nikasema, "zikinunuliwa Ngaramtoni zitakuwa ndizi. Hizi zimetumwa."

"Na hema?"

"Hema halijatumwa na mtu kwa mtu."

Matone yalikuwa yanaanguka kutoka kwenye majani. "Tusipofika leo," akasema, "tutalala wapi?"

"Sijui."

Hilo lilikuwa jibu la kweli, na liliniogopesha kidogo. Tulipotazama tukaona moshi, na chini yake kibanda cha mama anayekusanya kuni ukingoni mwa msitu. Tulimpa hema, mifuko ya kulalia na magodoro yale ya sponji. Alilishika hema kwa mashaka.

"Ni la nani hili?"

"Lishike mpaka nitakaporudi."

"Utarudi lini?"

"Mungu akipenda."

"Basi ni langu," akasema, na hatukuweza kujizuia kucheka, sote watatu, mimi nikiwa nimeegemea mti.

Elirehema alikata fimbo mbili, akanipa zote. Yeye akabeba mkungu na kibuyu, nami nikabeba kitabu kidogo mfukoni. Tulitembea kama hivyo, polepole mno. Tulipokata upande wa magharibi ukungu ukashuka, tukakosea kijia, tukarudi. Jioni ilitukuta kwenye malisho, nyumba ya Loishiye ikiwa bado ng'ambo ya bonde moja, na giza la bonde si la kuchezea kwa mtu wa goti langu.

Simu ya Elirehema ilikuwa na chaji kidogo. Alimpigia mwana wa Loishiye, akaeleza. Yule kijana alijibu kwa heshima, lakini alisema wazi kwamba njia ya Dodoma ni ndefu, hataki kuendesha usiku, na wakitoka ibadani wanaondoka. Kisha simu ikazima.

Tulibisha hodi kwenye boma la kwanza. Walitupa kibanda cha ndama, chenye joto na harufu ya maziwa, wakatuletea chai na ngozi ya kulalia. Nikawa mgeni tena, baada ya kazi yote ile ya kukwepa kuwa mgeni. Nilipolala nilijiuliza kama nilikosea. Kama nisingekula mtori wa Bibi Ruthi, kama ningeacha ndizi, ningekuwa nimeshafika. Rafiki yangu angeweza kuondoka bila njia yake kwa sababu ya mkungu. Nilimwomba Mungu asiyahesabu mahesabu yangu, airefushe asubuhi.

Kwa Loishiye

Jumapili tuliondoka mapema, wenyeji wetu wakatusindikiza hadi chini bondeni, mmoja akinishika mkono kwenye mawe. Tulikuwa katikati ya mlima wa mwisho tuliposikia kengele. Tulipofika juu tulisikia watu wakitoka kanisani, na tulipoona paa la Loishiye, gari jeupe lilikuwa limeshasimama uani, mlango wa nyuma umefungwa, kamba zimekazwa juu ya magodoro.

Loishiye alikuwa kwenye kiti cha mbele. Mlango wake ulikuwa wazi. Kiwiliwili kilikuwa ndani ya gari, lakini miguu yake yote miwili ilikuwa nje, imekanyaga udongo. Mwanawe alikuwa amesimama mbele yake, funguo mkononi, uso wa mtu aliyebembeleza kwa muda.

"Baba, miguu ndani, tafadhali."

"Siiingizi. Njia haijafika."

Niliita kutoka getini. Sikuita jina lake, niliimba mstari mmoja wa wimbo ule aliokuwa akiuharibu kila mara. Kichwa chake kikageuka.

"Ero, kijana," akamwambia mwanawe, "weka funguo mfukoni."

Tulikaa uani, yeye bado kwenye kiti cha gari, miguu nje. Nilimwambia njia yote, tangu mlangoni kwangu. Nilimwambia kahawa imeng'olewa na mahali pake pana nyanya. Nilimwambia Mimbari ipo na maji yamefika kifuani kwake, kwa hiyo siku hizi mtu anavukia juu. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, na midomo yake ikirudia. Elirehema akamwekea mkungu mapajani. Aliupapasa, akanusa kamba ya mgomba.

"Mshare. Bibi Ruthi bado anafunga fundo la kushoto." Akalishika lile fundo. "Kwa hiyo yu hai."

Kibuyu hakukifungua. Alinusa tu kizibo, ule moshi wa mkaa wanaosafishia vibuyu, akamtaja mama wa Bangata kwa jina la ujana wake, jina ambalo hata mimi sikulijua.

Nikafika kwenye kanisa letu. Nilifikiri kulipita haraka, niseme kuna kanisa jipya la matofali, ambayo ni kweli. Lakini alikuwa ameomba njia isiyo ya uongo.

"Lile letu," nikasema, "ni banda la kuku."

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia.

"Kuku wanaimba?" akauliza.

"Wanaimba."

"Vizuri kuliko mimi?"

"Sana."

Alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Mwanawe pia alicheka, akatazama jua, akaacha kulitazama. Alisema kwa unyonge kwamba gari limejaa, mkungu hauna pa kukaa. Loishiye akasema, "Nani kasema unakwenda Dodoma? Hizo ndizi zipikeni." Zikapikwa pale, machalari ya sufuria kubwa, na maziwa yakagawiwa kwa vikombe. Majirani waliotoka ibadani wakala, na mwana wa Loishiye akala sahani mbili. Gari liliondoka kesho yake alfajiri. Dodoma haikuhama.

Asubuhi hiyo, kabla ya kupanda, Loishiye aliagiza waniletee kondoo dume kutoka zizini, mwenye mkia wa mafuta.

"Siwezi kumbeba, ndugu yangu," nikasema. "Unaliona goti langu." Kisha nikakumbuka kwamba halioni.

"Nimesikia mwanao anapima mizigo," akajibu. "Mwambie ampime huyu. Huyu anatembea mwenyewe."

Elirehema alicheka mpaka akakaa chini. Jirani mwenye pikapu akatushusha hadi Ngaramtoni na kutuleta hadi kwetu. Huyo ndiye kondoo mliyemwona. Hema liko kwa mama wa kuni, na nasikia anaanikia maharage juu yake. Elirehema ameondoka tena na wageni. Kile kitabu kidogo aliniomba, amekwenda nacho mlimani.

Loishiye anaendelea vizuri. Hapigi simu kwa ajili ya maongezi. Juzi jioni nilikuwa namfungia kondoo, simu ikaita, naye hakunisalimu hata.

"Nimefika Nduruma," akasema. "Ulisema nivukie juu ya Mimbari au chini?"

"Juu," nikamwambia. "Maji bado ni mengi."

Akashukuru, akakata simu, maana alikuwa bado njiani.